Mbuzi ya nazi ya kukunja: tathmini ya kifaa cha sikukuu, na ahsante kwa mabibi na mashangazi

Sikukuu ikikaribia, iwe Idi au Krismasi, majiko ya Pwani huhesabu nazi kabla ya kuhesabu kuku. Wali, kuku wa kupaka, mbaazi, samaki wa nazi, mahamri ya asubuhi: vyote vinangoja tui, na tui linangoja mbuzi. Ndiyo sababu safari hii tunaitathmini mbuzi ya mbao ya kukunja, ile inayouzwa Kariakoo, Darajani, Marikiti na Kongowea, tukiiweka pembeni ya blenda, mashine ya sokoni na tui la kopo. Uamuzi wetu tuutoe mapema: kwa nyumba inayolisha watu wanne hadi kumi, hatujaona cha kuifikia.

Ila mbuzi haiuzwi na kijitabu cha maelekezo. Maelekezo yake wanayo mabibi, mashangazi na mama wakwe, nao huyatoa siku hizi hizi za sikukuu, jiko likiwa limejaa watu na kila mmoja ameshapewa kazi yake. Karibu kila ushauri uliomo humu ni wao. Tunawashukuru kwa dhati, maana bila wao kifaa hiki ni kibao chenye chuma tu.

Tuanze na kununua. Mbuzi ina kibao cha kukalia, miguu miwili inayopishana, na ulimi wa chuma wenye meno. Ikifunguliwa husimama kama marfaa ya msahafu, ikikunjwa inalala bapa na kuingia nyuma ya mlango. Tafuta ya mbao ngumu, mvule au mninga. Za mwembe ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini wadudu huzibungua upesi, na tundu za wadudu kwenye kifaa cha chakula hazisafishiki. Usinunue bila kuikalia. Ifungue juu ya sakafu iliyo sawa, kaa, kisha inama mbele kama unayekuna. Ikiyumba kwenye kiungo hapo dukani, nyumbani itayumba zaidi, kwa kuwa tundu la kiungo hupanuka kila inapotumika. Kiungo cha bolti yenye nati ndicho bora kwa sababu unaweza kukikaza. Cha msumari mmoja kikilegea ndiyo basi.

Ulimi ndio unaobeba bei. Ushike kwa vidole viwili uutikise: usicheze hata kidogo. Uwe umepigwa misumari miwili au zaidi, kwa kuwa uliopigwa mmoja huzunguka ukiuegemea kwa nguvu na mkono wako huteleza. Unene wa milimita 3 hivi unatosha. Mwembamba kuliko huo hupinda. Meno yawe madogo, yanayolingana, yamesambaa ukingo wote wa duara. Meno marefu yaliyoachana yanatisha kwa ukali lakini hung'oa nazi vipande badala ya kuikuna. Zile zilizonakshiwa vizuri na kupakwa vanishi ya kung'aa hadi karibu na ulimi ziache ziwe pambo la sebuleni: ulimi wake mara nyingi ni bati, na vanishi ikianza kubanduka itakuwa inaangukia kwenye sinia.

Mwenye magoti mabovu asijilazimishe. Ipo mbuzi ya chuma ya kubana kwenye ukingo wa meza, yenye mkono wa kuzungusha, na kwa wazee ni msaada wa kweli. Chagua yenye skrubu ya kubania. Zile za kujinata kwa mpira zinahitaji meza laini na kavu kabisa, na jiko la sikukuu halina meza ya namna hiyo.

Mbuzi mpya haikuni nazi ya kuliwa siku ya kwanza. Ulimi huja na grisi, vumbi la tupa, au kutu nyembamba. Usugue kwa majivu na kipande cha ndimu, uoshe kwa sabuni, uukaushe, kisha kuna kifuu kimoja cha nazi ambayo hutaitumia. Machicha yakitoka meupe bila weusi wowote, iko tayari.

Sasa nazi yenyewe. Ushauri wa mabibi unaanzia sokoni: tikisa karibu na sikio. Maji yasikike yakigonga ndani. Isiyosikika kabisa ama bado ni changa na imejaa, ama imeshaishiwa maji, na zote mbili si za tui la sikukuu. Tazama macho matatu. Yawe makavu na yamefumba. Jicho lenye unyevu au ukungu ni njia ambayo uozo umepitia. Koroma ni tamu kula lakini mafuta yake ni machache, hivyo tui lake ni maji matamu tu. Na katika kila nazi nne unazohitaji nunua ya tano, kwani mbovu hujificha vizuri na mkesha wa sikukuu si wakati wa kurudi sokoni.

Kabla ya kuvunja, parua nyuzi za makumbi zilizobaki kwenye kifuu kwa kisu, kisha usuuze kifuu hicho. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanashangaa kukuta vinyuzi vya kahawia ndani ya wali. Shika nazi kiganjani juu ya bakuli, piga katikati ya tumbo kwa mgongo wa panga au wa kisu kizito, zungusha kidogo, piga tena. Ufa ukitokea, acha maji yachuruzike bakulini, kisha yaonje. Yakiwa machachu, au yana harufu kama ya sabuni, itenge nazi hiyo peke yake. Moja mbovu ikishachanganyika na nzuri tatu, zote nne zimekwenda. Lengo ni vifuu viwili vinavyolingana. Nazi iliyopasuka vipande vitano haishikiki kwenye ulimi, na hapo ndipo vidole hukatwa.

Kaa, tandaza kanga mapajani, sukuma sinia au beseni hadi chini kabisa ya ulimi. Mikono miwili ikumbatie kifuu kwa nje, vidole vibaki nyuma ya ukingo, visiuvuke. Sukuma kwa mwendo mfupi wa kushuka, nguvu itoke kwenye kifundo cha mkono na uzito wa mwili, bega litulie. Anzia ukingoni ukizungusha kifuu, mzunguko baada ya mzunguko, ndipo uingie katikati. Anayechimba katikati kwanza huacha ukingo umesimama peke yake, na ukingo huo huvunjika mabonge. Bonge halitoi tui, kwa kuwa maji hayapati njia ya kuingia ndani yake. Liokote uliponde kwenye kinu au uwape watoto walitafune.

Acha kukuna mara tu unapoona rangi ya kahawia ikichungulia. Hapa ndipo pupa inapoharibu kazi. Ganda lile laini la kahawia linalogusana na kifuu lina uchungu kidogo, na rangi yake hulifanya tui kuwa la kijivu. Kwenye mchuzi wa bizari hutaiona. Kwenye wali, vibibi au kashata itakuaibisha mbele ya wageni. Nazi iliyokunwa vizuri huwa nyuzi fupi, nyeupe, zenye unyevu. Ukizifinya mkononi zinashikana. Ikitoka unga mkavu, meno yamekuwa butu na yanasaga badala ya kukata.

Kukamua ndiko kunakotofautisha nyumba na nyumba. Tumia maji ya vuguvugu, ya kiasi ambacho mkono unavumilia bila shida. Sababu yake ni hii: mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga mwezi Februari hata maji ya bomba yanaweza kufaa. Arusha, Nairobi au Lushoto mwezi Julai maji ya bomba huyagandisha mafuta ndani ya machicha, nawe unatupa sehemu nono ukidhani nazi ilikuwa mbovu. Yakiwa ya moto sana nayo yanaunguza mkono, na tui linapata ladha ya kupikwa kabla ya kufika jikoni.

Kwa kila nazi moja weka kikombe 1 cha maji (mililita 250). Yafinye na kuyavuruga machicha kwa vidole kwa dakika mbili tatu, hadi mkono utoke mweupe na unateleza, ndipo uyatie kwenye kifumbu, mfuko wa ukindu wa kukamulia tui, na kuyasokota. Hilo ni tui la kwanza, kasimele. Liweke pembeni kwenye chombo chake. Rudisha machicha, tia vikombe 2, finya tena: hili ni tui la pili. Kikombe 1 kingine kitatoa la tatu, jepesi, la kuchemshia kunde, mbaazi au mihogo. Usichanganye. Wanaomwaga maji yote kwa mkupuo mmoja hupata sufuria ya tui la aina moja, si zito si jepesi, na mapishi yote ya mabibi yamejengwa juu ya kuwa na aina mbili mkononi. Ikishatokea, litie friji kwa saa kadhaa. Sehemu nzito itapanda juu na kuganda, uikombe kwa kijiko.

Kifumbu cha ukindu kinastahili kununuliwa pamoja na mbuzi. Chujio la plastiki linafaa, lakini kwa chujio unafinya kwa ngumi, na ngumi haifiki pale panapofikiwa na msokoto. Kasoro ya kifumbu ni usafi: kigeuze ndani nje, kisuuze hadi maji yawe safi, kianike juani kikauke kabisa. Kikilala na unyevu usiku mmoja huingia uchachu, na uchachu huo utaukuta kwenye tui linalofuata. Asiyekipata atumie kitambaa cheupe cha malimali, kisichofuliwa kwa sabuni yenye manukato.

Kwa wali wa kilo 1, nazi mbili kubwa zinatosha. Pima tui jepesi vikombe 5½, kasimele vikombe 2. Chemsha tui jepesi na vijiko 2 vya chai vya chumvi, tia mchele uliooshwa, koroga mara moja, acha uchemke moto wa wastani. Tui linapokaribia kukaukia, mimina kasimele juu, geuza taratibu kutoka chini mara moja, funika. Kasimele hutiwa mwisho kwa sababu mbili: ikitangulia, hunata chini na kuunguza ukoko kabla kiini cha wali hakijaiva; na harufu ya nazi, ambayo ndiyo tunayoitafuta, hupotea kadiri inavyochemka. Punguza makaa ya chini, palia juu ya mfuniko, subiri dakika 15 hadi 20. Kwenye gesi, moto uwe mdogo kabisa na karatasi ya foili ibanwe chini ya mfuniko. Mchele uliolowekwa nusu saa hunywa pungufu, hivyo toa kikombe kimoja cha tui jepesi.

Mahamri nayo yana siri yake: unga nusu kilo hukandwa kwa kikombe 1 hadi 1¼ cha tui zito la vuguvugu, likitiwa kidogo kidogo. La moto huiua hamira, la friji huifanya ilale, na wanaoamka alfajiri ya Idi hawana muda wa kusubiri donge lililolala.

Tatizo linaloulizwa zaidi ya yote ni tui kukatika. Mchuzi unakuwa na vipande vidogo vyeupe vinavyoelea na mafuta yamejitenga juu. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini ya nazi. Moto mkali huikaza protini ile, ikaachia mafuta. Uchachu hufanya vivyo hivyo. Basi ukishatia kasimele usifunike, usiuache mchuzi, usipandishe moto. Koroga kwa upawa ukichota na kumimina kutoka juu, mfululizo, hadi uchemke mara ya kwanza. Mwendo ule unashusha joto la juu na kuyarudisha mafuta majini. Nyanya na ukwaju viive kabisa kabla tui zito halijaingia. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Likikatika licha ya hayo, epua mara moja, ongeza vijiko vitatu vinne vya kasimele mbichi na upige kwa mchapo. Hautarudi kuwa laini kama mwanzo lakini utapakulika. Ndiyo maana mashangazi huficha kikombe kidogo cha kasimele hadi chakula kishuke mezani.

Kuku wa kupaka ana kanuni yake. Kwa kuku mmoja, vikombe 2 vya kasimele hupikwa peke yake na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na bizari kwa moto mdogo hadi tui liwe zito na kushika mgongo wa kijiko, ndipo kuku aliyechomwa aingie. Mafuta kidogo yakichungulia juu hapo si kasoro.

Sasa washindani. Blenda ni ya haraka kweli, lakini lazima kwanza uing'oe nazi kwenye kifuu kwa kisu, kazi ya hatari kuliko kukuna, na ganda la kahawia linaingia lote usipolimenya. Kisha blenda husaga: sehemu ya machicha inakuwa unga unaopenya chujio, na tui linakuwa na mchanga mdogo mdogo ulimini. Kwa mchuzi wa maharagwe inatosha. Ukiitumia, tia maji vuguvugu, zungusha kwa vipindi vifupi, chuja mara mbili kwa malimali.

Mashine ya sokoni ndiyo tunayoipendekeza kwa shughuli kubwa, nazi ishirini na kuendelea. Nenda asubuhi, ulizia isafishwe mbele yako, simama hapo hapo nazi zako zikikunwa. Mkesha wa Idi foleni ni ndefu, mabaki ya nazi za jana huchacha kwenye meno, na mwendeshaji mwenye haraka hukuna hadi kahawia. Nazi iliyokunwa nayo haingoji: kwa joto la Pwani ikamue ndani ya saa mbili, au itie barafu.

Tui la kopo halikatiki kirahisi kwa sababu makopo mengi hutiwa vitu vya kuzuia mafuta yasijitenge, na kwa walio Muscat, London au Toronto ni mkombozi. Soma kopo: orodha ianze na nazi na maji, bila sukari. La unga mara nyingi lina protini ya maziwa ya ng'ombe, jambo la kuangaliwa na wanaofunga kula vitu vya wanyama na wenye mzio. Ladha ya yote mawili iko chini ya tui la mbuzi, na harufu ndiyo inayokosekana zaidi.

Upungufu wa mbuzi tusiufiche. Inachukua dakika tano hadi kumi kwa nazi moja kwa mkono uliozoea, na mara mbili yake kwa anayejifunza. Inachosha mgongo kuanzia nazi ya nne, pokezaneni. Na ulimi ulio wazi ni hatari kwa watoto, hasa nyumba ikiwa imejaa wajukuu: ukimaliza, uvike kifuu kitupu, funga kwa kamba, ining'inize juu ulimi ukitazama ukuta.

Usiiloweke mbuzi kwenye maji kamwe, mbao huvimba na misumari hulegea. Futa meno kwa brashi ngumu kutoka nyuma kuja mbele, suuza ulimi peke yake, ukaushe kwa kitambaa, upake tone la mafuta ya nazi. Mara moja kwa mwaka, wiki moja kabla ya sikukuu na si siku yenyewe, pitisha tupa ndogo ya pembetatu kati ya jino na jino, mipigo mitatu kila pengo, ukisukuma upande mmoja tu. Kibao kikianza kupauka, kipake mafuta hayo hayo usiku na ukifute asubuhi. Ulimi ukiisha meno kabisa, mpelekee fundi wa vyuma akuchongee mwingine kwa kipimo cha ule wa zamani, na umwambie aupige misumari mitatu.